Jibu: Mvinyo wa tufaha umeacha kuchacha ukiwa bado mtamu
Habari ndugu. Umeeleza kwamba mvinyo wako wa tufaha, unaouchachusha kwa chachu ya asili bila hamira ya dukani, uliacha kutoa mapovu siku ya 9 ilhali bado ni mtamu. Kabla ya kuongeza chochote, upime kwa haidromita (kifaa kinachoelea kwenye mvinyo na kuonyesha kama sukari bado inapungua), kwa sababu mapovu hayaonekani pia pale kifuniko kinapovuja. Mimi nilihangaika wiki nzima, kumbe mpira wa kifuniko ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kipimo kikibaki palepale kwa siku 3, hamishia chombo mahali penye nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi, kisha ukizungushe taratibu ili mashapo yenye chachu yainuke. Usiutie kwenye chupa kwa sasa, maana sukari iliyobaki ikianza kuchacha tena humo, chupa zinaweza kupasuka.