Pima Kabla Hujafunga: Kwa Fundi Anayejenga Stroka Yake ya Kwanza ya EJ20

Seti ya stroka, yaani vipuri vya kuongeza mwendo wa pistoni, ikishafika kutoka ng'ambo, vipuri vinang'aa, mwenye gari amelipa, na kila mtu gereji anataka kuona injini ikirudi mahali pake. Nakuomba, mdogo wangu, usifunge bado. Aliyetengeneza pistoni hajaiona bloku yako. Aliyechonga kranki hajui umenunua beringi gani. Karakana iliyobori silinda haijui mteja atapandisha busti, yaani shinikizo la turbo, kiasi gani. Wewe ndiye mtu pekee ambaye vipuri vyote hivyo vinakutana mikononi mwake, na kama hukuvipima wewe, basi hakuna aliyevipima.

Natumia EJ20 ya Subaru kwa sababu ndiyo injini ya turbo ambayo vijana wengi hapa Kenya huanza nayo. Ya kiwandani ina silinda za milimita 92 na mwendo wa pistoni wa milimita 75, yaani cc 1994. Ukiweka kranki ya EJ25, ndugu yake mkubwa, yenye mwendo wa milimita 79, unafika karibu cc 2100. Kwenye karatasi ongezeko ni dogo, lakini barabarani turbo inaamka mapema na gari linavuta bila kusubiri.

Jambo la kwanza ni kujua kama kranki hiyo ni ya bloku hiyo. EJ za zamani huzuia kranki isicheze mbele na nyuma kwenye beringi kuu ya tatu, pale katikati. Za baadaye hufanya hivyo kwenye ya tano, upande wa flaiwili. Kranki ya kundi moja haikai inavyotakiwa kwenye bloku ya kundi lingine. Ni jambo la kuangalia kwa macho tu, kwa hiyo liangalie kabla mteja hajatuma pesa.

Halafu ifuate hesabu ya urefu. Mwendo umeongezeka milimita 4, kwa hiyo pistoni itapanda milimita 2 zaidi na kushuka milimita 2 zaidi. Konrodi za kawaida za EJ20 na EJ25, zile zinazounganisha pistoni na kranki, zina urefu mmoja, milimita 130.5 kati ya tundu na tundu. Basi zile milimita 2 za juu lazima ziondolewe kwenye pistoni yenyewe, na ndiyo maana pistoni za stroka huwa na tundu la pini lililosogezwa juu. Ukitia pistoni za kawaida za EJ20, zitachomoza juu ya bloku na kuufuata uso wa hedi. Pima kutoka ukingo wa juu wa tundu la pini hadi kichwa cha pistoni, ongeza nusu ya kipenyo cha tundu, andika. Fanya hivyo kwa zote nne. Sanduku likiandikwa vizuri ni jambo jema, lakini sanduku halizunguki ndani ya injini.

Mgandamizo nao hubadilika hata kama hukukusudia. Injini iliyokuwa na mgandamizo wa 8.0 kwa 1, ukiiacha na nafasi ileile juu ya pistoni na kuongeza mwendo huo wa milimita 4, inafika kama 8.4. Mwambie anayetengeneza ramani ya kompyuta mapema. Asije akagundua injini ikiwa tayari inagonga.

Sasa kwenye beringi, na hapa nataka utulie. EJ haifanani na injini ya laini, yenye silinda zote kwenye mstari mmoja. Kranki inalala katikati ya nusu mbili za bloku, konrodi zinafungwa kwenye kranki kwanza, kisha nusu ya pili inafunika kila kitu. Pistoni zinaingia mwishoni, na pini zake zinasukumwa kupitia matundu madogo ya pembeni. Bloku ikishafungwa, huwezi kuvua kifuniko cha konrodi kuangalia mara ya pili bila kubomoa kazi yote. Kila kipimo cha beringi lazima kiwe kimeandikwa kabla ya hapo.

Pima shingo za kranki, zile sehemu za duara zinazozunguka ndani ya beringi, kwa mikromita, kila shingo mahali pawili na pande mbili, ujue kama ni duara au imechongwa ikawa yai. Shingo za konrodi za injini hii ni milimita 52, na zile kuu ni 60. Kisha tia beringi ndani ya konrodi bila kranki, kaza bolti kwa toki renchi kama mtengenezaji alivyoagiza, na kwa mafuta aliyoagiza, maana bolti iliyopakwa oili ya injini na iliyopakwa grisi ya mtengenezaji hazibani sawa hata toki renchi ikisoma namba ileile. Chukua geji ya ndani, iweke sifuri kwenye ile mikromita uliyoifungia kipimo cha shingo, halafu ipeleke ndani ya beringi. Unachosoma hapo ndiyo nafasi ya oili yenyewe, yaani uwazi kati ya shingo na beringi. Faida ya njia hii ni kwamba kama mikromita yako ina kasoro ndogo, kasoro hiyo iko pande zote mbili na inajifuta.

Mafundi wa injini za mashindano wana kanuni ya zamani: nafasi ya oili iwe kama sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo. Kwa shingo ya 52, ni karibu milimita 0.05. Kiwanda hubana zaidi ya hapo. Ukichagua nafasi kubwa, chagua na oili nzito inayolingana nayo, na umwambie mteja asiibadilishe kwa sababu ameona nyingine ya bei nafuu. Ule uzi wa Plastigage, unaobanwa kati ya shingo na beringi kisha ukapimwa upana, ni mzuri wa kuhakikisha, lakini usiufanye ndio kipimo chako pekee.

Joto linadanganya kuliko watu wanavyofikiri. Pistoni ya aluminiamu ya milimita 92 ikipata joto la nyuzi 10 zaidi inapanuka karibu milimita 0.02, na kwenye nafasi kati ya pistoni na silinda hiyo si namba ya kudharau. Usipime bloku iliyotoka juani kwa pistoni iliyotoka kwenye sanduku baridi. Viache vyote vilale chumba kimoja usiku, upime asubuhi, na usiikumbatie mikromita kiganjani.

Kuhusu nafasi hiyo ya silinda, soma karatasi iliyokuja na pistoni hizo hizo. Pistoni za kufuliwa zenye silikoni kidogo kwenye aluminiamu yake hupanuka sana, zinahitaji nafasi kubwa, na zitapiga kelele kidogo injini ikiwa baridi. Karakana ya mashine ihoni silinda, yaani izisugue kwa mawe ya honi, huku nusu mbili za bloku zimefungwa pamoja na bamba zito limekazwa mahali pa hedi, kwa sababu bolti za hedi zikikazwa huvuta ukuta wa silinda. Kama hawana bamba hilo, tafuta karakana nyingine. Mimi hapo sibembelezi.

Ringi nazo hazitoki kwenye pakiti zikiwa tayari. Tia kila ringi kwenye silinda yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima pengo kwa fila geji. Kwa turbo yenye nguvu, ringi ya juu kwenye silinda ya 92 huwa karibu milimita 0.5, lakini fuata karatasi. Pengo likiwa dogo, ringi ikipata moto ncha zake zinakutana, haina pa kwenda, na inavunja ukingo wa pistoni. Sugua ncha moja tu, kutoka uso wa nje kuelekea ndani, kidogo kidogo. Ukiondoa nyingi hairudi.

Kisha funga injini kwa majaribio. Bila silikoni ya kuzibia kwenye bloku, bila ringi, weka kranki, konrodi na pistoni, kaza bloku, zungusha kwa mkono taratibu. Mulika kwa tochi kupitia uwazi wa sampo. Tazama mabega ya konrodi yanapopita karibu na bloku, hasa kama ni konrodi nene za mashindano, na sketi ya pistoni inaposhuka kuelekea mabonge ya kusawazisha ya kranki. Mimi sikubali chini ya milimita 1.5 popote. Kama umebadilisha kemu au hedi imesagwa, bandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga hedi na mkanda, zungusha mara mbili kamili, fungua, ukate udongo na upime unene pale valvu ilipobonyeza. Milimita 2 upande wa kuingiza na 2.5 upande wa ekzosi ndiyo mipaka ninayofuata.

Baada ya hapo bomoa tena, na osha. Petroli peke yake hukiacha kile kivumbi cha honi kwenye mistari ya silinda. Tumia maji ya moto na sabuni na brashi, suuza, pitisha kitambaa cheupe chenye oili, rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Pitisha brashi ndefu kwenye kila njia ya oili ya kranki, hata kama ni mpya. Silikoni ya bloku iwe uzi mwembamba, isije ikakamuliwa ndani ya njia za oili. Bomba la kufyonzea oili la injini hizi linajulikana kwa kupasuka, kwa hiyo usirudishe la zamani bila kulikagua kwenye maungio yake.

Mteja atapiga simu katikati ya haya yote akiuliza mbona siku zinaenda. Mpigie picha daftari lako la vipimo umtumie. Wengi wakiona namba za kila silinda wanatulia, na wengine wanaanza kuuliza maswali mazuri.

Siku ya kuwasha, toa plagi, zuia petroli, piga stata kwa vipindi vifupi huku ukitazama geji ya oili. Plagi zisirudi mpaka sindano ya geji ipande.