Mzee anayeamka saa nane usiku akidhani kumekucha: yaliyotusaidia kwa mama

Ndugu yangu, umeuliza ufanye nini na baba yako, dereva mstaafu wa mabasi ya mikoani, ambaye tangu apatwe na dimensia, maradhi ya ubongo yanayofifisha kumbukumbu na akili, huamka saa nane usiku, huvaa viatu na kudai kwamba abiria wanamngoja. Ukauliza pia kama umnunulie saa kubwa ya ukutani au umpe dawa ya usingizi. Huu ni mwaka wa sita namuuguza mama yangu hapa Tanga akiwa na maradhi hayo hayo, nami nitakujibu kwa yale niliyoyaona.

Mama aliuza vitumbua kwa zaidi ya miaka thelathini, na miaka yote hiyo aliamka saa tisa usiku kuwasha mkaa, ili wanaowahi kazini wavikute vya moto. Usiku ule nilipomkuta ukumbini, milango na madirisha yamefungwa, akipepea jiko na kuniuliza kwa nini unga haujakorogwa, nilimgombeza, na hadi leo najuta. Alikuwa ameamka kwa saa yake ya kazi. Alichosahau ni kwamba kazi yenyewe ilikwisha zamani. Nakuomba umtazame baba yako kwa jicho hilo. Nakuomba pia, leo hii, ufiche funguo za gari, viberiti na jiko, kwa sababu hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Kuhusu saa, kaka yangu anayefanya kazi Muscat alituletea ya umeme yenye tarakimu kubwa, tukaamini tumepata tiba. Usiku wa kwanza ilionyesha 02:15, na mama akaisoma vizuri kabisa: saa mbili na robo, jua limeshapanda, naye amechelewa. Saa ile ilihesabu kuanzia saa sita usiku, ilhali yeye maisha yake yote amehesabu kuanzia mapambazuko. Saa ya mishale nayo haikufaa, maana mishale ya saa tatu asubuhi na ya saa tatu usiku hukaa mahali pamoja. Kilichotufaa ni kipande cha boksi tulichoandika kwa herufi kubwa, upande mmoja SASA NI USIKU na upande wa pili SASA NI MCHANA, ambacho hukigeuza kila magharibi na kila alfajiri. Mama alijifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, na herufi hizo bado hazijamtoka.

Hata hivyo, usiku wa mgonjwa hutengenezwa mchana. Daktari alitueleza kwamba katika ubongo kuna sehemu ndogo inayoupangia mwili saa za kulala na kuamka, kwamba sehemu hiyo hujirekebisha kila siku kwa mwanga unaoingia machoni, na kwamba maradhi haya huidhoofisha. Sisi tulikuwa tukimwacha chumbani, pazia limeshushwa, akisinzia kutwa, tukidhani tunampumzisha. Sasa hukaa barazani upande wa mashariki kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi akichambua mchele, hata kama mchele huo ulichambuliwa jana, kwa kuwa mikono yake haijaisahau kazi hiyo na mwili huchoka inavyopasa. Baada ya adhuhuri hujilaza nusu saa tu, na chai ya mwisho huinywa kabla ya alasiri. Jioni tunawasha taa kabla giza halijaingia, maana vivuli humtia hofu. Baada ya isha tunazipunguza, tunazima redio, naye huvua dera la mchana na kujifunga kanga za kulalia. Hubaki taa hafifu ya njia ya msalani. Haya yote hayakuzaa matunda kwa siku mbili tatu, bali baada ya wiki kadhaa, na Ramadhani huyavuruga, kwa sababu nyumba nzima huamka kula daku. Mwaka jana tulihamishia daku nyumba ya pili ili yeye asisikie vyombo.

Kuhusu dawa ya usingizi, nakusihi usiinunue bila daktari. Duka moja lilituuzia vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, mama akaanguka usiku wa pili na kushinda siku nzima bila kututambua. Baadaye tukaelezwa kwamba dawa za aina hiyo huzidisha kuchanganyikiwa kwa wazee. Jambo jepesi zaidi lilisaidia zaidi: kidonge chake cha presha kinachokojoza, ambacho tulikuwa tukimpa jioni, daktari alikihamishia asubuhi. Na kama hali ya baba itabadilika ghafla, katika siku mbili au tatu, mpeleke hospitali upesi, kwani mama alipoanza kuzungumza na watu tusiowaona ilikuwa ni maambukizi ya njia ya mkojo, na alipotibiwa alirudi katika hali yake ya awali.

Anapoamka, usibishane naye. Nilikuwa nikimwambia, "Mama, ni usiku, lala," naye akizidi kukasirika, kwa kuwa neno langu lilipingana na hakika yake. Siku hizi namshika mkono, tunafungua mlango, tunatazama nje pamoja, kisha namwambia, "Mama, adhana bado." Hayo ni maneno ya kweli, na adhana ya alfajiri ndiyo saa aliyoitii tangu utotoni. Mara nyingi husimama kidogo akisikiliza, kisha hujibu, "Basi, utaniamsha."

Baba yako huenda hatatulizwa na adhana. Mfungulie mlango, muone barabara isiyo na abiria hata mmoja, ukae naye pale kizingitini mpaka yeye mwenyewe aseme kwamba stendi haijafunguliwa.