Umekwama kwenye mifereji ya Hollywood? Usiiache Bloodlines

Ndugu, nimekuelewa: hadithi ya Vampire: The Masquerade – Bloodlines imekunasa, lakini pointi zako umezimwaga kwenye ushawishi na udukuzi, na sasa mazimwi ya mifereji ya maji taka yanakumaliza. Huo ndio udhaifu mkubwa wa gemu hii ya 2004. Mwanzoni maneno yanafungua milango mingi, kisha sehemu ya mwisho inadai mapigano tu.

Fungua sevu ya kabla ya kushuka. Rudi Santa Monica, mtaa wa kwanza wa gemu, nunua mifuko ya damu kwa Vandal, muuzaji wa pale kliniki, kisha maliza kazi ndogo ulizoziruka. Pointi zinatokana na kazi, kuua hakukupi kitu, kwa hiyo zimwi linalokwepeka likwepe. Kila pointi mpya ipeleke njia moja: Strength na Melee kwa silaha za mkononi, au Perception na Firearms kwa bunduki. Ukizigawa, utakwama tena mbele, na huko ni kugumu zaidi. Ukiwa wa ukoo wa vampaya wa Brujah au Toreador, pandisha mapema nguvu yao ya Celerity. Inawapunguzia maadui kasi na kukupa nafasi ya kupiga.

Umeweka Unofficial Patch, kiraka cha kurekebisha gemu kilichotengenezwa na shabiki Wesp5? Gemu ya asili isiyo na kiraka chochote huzima ukiondoka kwa boti Society of Leopold, ngome ya wawindaji wa vampaya. Kiraka hicho kina matoleo mawili: chagua la basic, maana plus inabadilisha mambo mengi. Nakili sevu zako kwanza: zinaweza kugoma baada ya kukiweka, na ikitokea hivyo itabidi uanze upya.