Kabla ya Kuinua Gari, Lipeleke Mizani

"Kaka, niinue Prado yangu inchi ngapi ili iheshimike huko hifadhini?" Swali hili limeletwa na kijana mmoja wa Karatu, ambaye amejinyima mpaka akapata Prado ya toleo la 120 na sasa anataka kuingia katika kazi ya kusafirisha watalii. Amekwishaambiwa na fundi wake kwamba inchi nne, yaani milimita 100 hivi, ndizo saizi ya wanaume. Ninamjibu mbele ya wote kwa sababu ninajua wengi wenu mnaonisoma mnalo gari la namna hiyo, au mnaliota, na mafundi wenye kauli ya namna hiyo hawapo Karatu peke yake.

Nilipokuwa dereva wa kuajiriwa mjini Arusha, mwajiri wangu aliagiza seti za springi ngumu, zilizotengenezwa kwa gari linalobeba mzigo mzito usiku na mchana, akazifunga katika Land Cruiser zake zote. Magari yalipanda juu, yakapendeza katika picha za matangazo. Mimi wakati huo nilikuwa nikipewa wageni wawili wawili, aghalabu watu wazima wenye migongo mibovu, niwapeleke Serengeti kupitia Ngorongoro. Anayeifahamu barabara ya changarawe inayotoka Ngorongoro kuelekea lango la Naabi hahitaji kusimuliwa mawimbi yake. Springi iliyokusudiwa kilo 500 za mzigo ukiipa kilo 200 haikunjiki, inarusha tu. Wageni wakalalamika, na ofisini ikaamuliwa kwamba dereva ana mguu mzito. Nilieleza kwa mdomo, nikaeleza kwa barua, lakini nilikatwa posho na safari nzuri wakapewa wengine. Miaka imepita na ninayo kampuni yangu ndogo, lakini sitadanganya kwamba nimesahau, kwa maana aliyezichagua springi zile hakuwahi kukaa kiti cha nyuma hata mara moja.

Ndiyo maana nilipopata Land Cruiser yangu ya kwanza, HZJ79, yaani ile ya pikapu, iliyorefushwa chesisi kama zilivyo nyingi za Arusha, sikuanza dukani bali nilianza kwenye mizani ya mfanyabiashara wa nafaka. Nililipima likiwa tupu, kwanza magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Baadaye nikalijaza kama linavyokuwa siku ya safari: maji, friji, gurudumu la akiba, tangi la ziada la lita 90 ambalo likijaa dizeli huongeza takriban kilo 75, na magunia ya mahindi juu ya viti badala ya wageni. Wapagazi pale walicheka sana. Lakini nilirudi nyumbani na jambo ambalo hakuna muuzaji angeweza kunipa, yaani tofauti ya kilo kati ya gari tupu na gari la kazi, mbele na nyuma, kila upande na hesabu yake.

Tarakimu hizo ndizo unazopaswa kuweka mezani unapokwenda kununua. Watengenezaji wa Australia, kama Old Man Emu na Ironman, hawauzi springi moja kwa gari moja. Huwa na kadhaa kwa gari hilo hilo, zikitofautishwa kwa uzito unaobebwa wakati wote. Mbele nilichukua za gari lenye bampa la chuma lisilo na winchi, ile mashine ya kujivuta kwa kamba, kwa kuwa winchi sikuwa nayo. Nyuma nilichukua za mzigo wa wastani. Gari lilipanda karibu milimita 40 hivi, na wenzangu wakaniuliza kama fedha zilikuwa zimeniishia katikati ya kazi.

Jibu walilipata Ndutu, kusini mwa Serengeti, msimu wa nyumbu kuzaa, mvua ilipoushika ule udongo mweusi. Gari moja lililoinuliwa kuliko langu, lenye matairi ya kimo kile kile na langu, lilikalia difu, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, katikati ya mifereji iliyochimbwa na magari ya asubuhi. Mimi niliizunguka mifereji hiyo kwa sababu nilijua kwamba difu langu halikuwa juu zaidi ya lile, kisha nikalivuta lile lililoinuliwa, na sikuona haya kushuka kupiga picha.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Katika gari lenye ekseli nzima, yaani chuma kimoja kinachounganisha gurudumu la kulia na la kushoto, difu limekaa ndani ya ekseli, na ekseli inabebwa na matairi. Springi huinua chesisi na bodi tu. Faida yake ipo: bampa haligusi upesi unapoingia korongoni, na tumbo la gari lililorefushwa linapata nafasi ya kuvuka tuta, jambo ambalo chesisi ndefu inalihitaji sana. Lakini chini ya difu huongezi hata milimita moja mpaka ubadili matairi, na hapo nako unapata nusu tu ya kilichoongezeka. Ukitoka 265/70R16 kwenda 285/75R16, kimo cha tairi kinaongezeka kama milimita 56, na difu linapanda 28. Tena spidi mita itaanza kukudanganya: ikisoma 50, wewe unakwenda karibu 54, na askari mwenye tochi hatakusikiliza habari za matairi.

Kuhusu inchi nne za fundi wa Karatu, nasema wazi kwamba kwa Prado ni uharibifu. Mbele haina ekseli nzima. Kila gurudumu linajitegemea, na shafti zinazolizungusha zina maungio yanayotaka pembe ndogo. Ukipita milimita 50 hivi bila kubadilisha mikono ya juu inayoshika gurudumu na vifaa vingine, maungio yanafanya kazi yakiwa yamepinda, mipira inayoyafunika inachanika, vumbi linaingia, na mbele panagonga kila gurudumu linaponing'inia. Wenye ekseli nzima nao wasicheke. Ukiliinua gari, ekseli ya mbele inajizungusha kidogo na usukani unaanza kutangatanga, na ule mkono unaoizuia isiende pembeni unaivuta upande mmoja. Zaidi ya hayo, Land Cruiser nyingi za kazi na Hilux nyingi zina vali nyuma inayopima mzigo kwa kuangalia umbali kati ya chesisi na ekseli. Ukiinua bila kuirekebisha, vali hudhani gari ni tupu, ikapunguza breki za nyuma wakati umebeba watu saba. Fundi asiyeitaja vali hiyo mwenyewe, kabla hujamuuliza, usimwachie ufunguo.

Wapo watakaokushawishi uweke vipande vya kunyanyulia juu ya springi za zamani, kwa kuwa ni rahisi. Vinanyanyua, ni kweli, lakini uwezo wa springi kubeba unabaki ule ule, na springi iliyochoka inabaki imechoka. Shokapu nazo zinunuliwe pamoja na springi zake, kwa sababu kazi yake ni kuituliza springi hiyo hasa, na katika mawimbi ya changarawe mafuta yake hupata moto mpaka yakawa mepesi na gari likaanza kucheza. Ndugu zangu, tuache kununua kwa macho. Mgeni hakulipi kwa sababu umemtazama mwenzako kutoka juu. Anakulipa afike akiwa na mgongo mzima, na mama yako nyumbani anakuombea ufike ukiwa na breki.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Karatu, pima kwanza. Kisha chukua springi na shokapu za mbele na nyuma kwa uzito uliopata, na zisizidi milimita 40 hadi 50. Hakikisha mabomba ya breki hayavutiki gari likiwa limenyanyuliwa kwa jeki na magurudumu yananing'inia. Siku hiyo hiyo ipeleke ikapangwe matairi yaelekee sawa (alaimenti), na baada ya wiki moja ya barabara mbovu kaza bolti zote upya. Taa za mbele zishushwe pia, kwa sababu gari likipanda nazo zinapanda, na madereva wa malori watakaokutana nawe usiku kwenye barabara ya Makuyuni hawatakuvumilia.