Mkondo unarudi kwa njia gani?

Nyie mnaoanza hesabu za plazma ya angani (gesi ya chembe zenye chaji ya umeme), hasa hii ya kondakta (si yule wa basi jamani) kupoteza nishati ikipita kwenye plazma, ngoja niwaambie nilipokwama.

Setilaiti ya obiti ya chini inaenda kama kilomita 7.5 kwa sekunde, uga wa sumaku huko ni mikrotesla 30 hivi, zidisha unapata volti 0.2 na kidogo kwa kila mita. Nikafurahi, nikachukua ukinzani wa chuma chenyewe, volti mraba gawa kwa hiyo, nikapata wati za kutisha. Msimamizi wangu akauliza kitu kimoja tu: mkondo wa umeme unarudi kwa njia gani? Nikabaki natoa macho.

Maana ukiurudisha kwa waya uliofungwa hapo hapo kwenye setilaiti, na wenyewe unakata uga ule ule, volti zinafutana, unabaki na sifuri. Lazima ufungwe na plazma ambayo haiendi na wewe, na inaufunga kwa mawimbi ya Alfvén (mtikisiko wa mistari ya uga wa sumaku pamoja na plazma yake) yanayokimbia kufuata mistari ya uga pande zote mbili, nyuma yako yanaacha kama mabawa mawili. Wanafizikia Drell, Foley na Ruderman walishalionyesha hili 1965. Kwa hiyo ukinzani unaotawala ni wa plazma, yaani myu-sifuri (ile namba thabiti ya sumaku kwenye ombwe) mara kasi ya Alfvén, ndiyo kasi ya mawimbi hayo; kwa kasi ya kilomita 200 kwa sekunde ni omu 0.25 hivi, chuma chako wala hakina usemi.

Halafu angalieni uzito wa ayoni, zile atomu za plazma zenye chaji, maana zikiwa nzito kasi ya Alfvén inapungua. Mimi niliweka protoni kwa mazoea, kumbe kwenye kimo cha kilomita 400 zimejaa ayoni za oksijeni, uzito mara 16, kasi ya Alfvén ikatoka mara nne zaidi na upotevu wa nishati ukatoka robo ya ule wa kweli. Wiki nzima natafuta kosa kwenye programu!

Na msiandike tu "inavutwa nyuma". Nyuma ya nani? Nguvu inaelekea kule plazma inakoenda ukiitazama kutoka kwenye kondakta. Setilaiti inaipita plazma, inashuka, sawa. Ila Io, mwezi wa Mshtarii, plazma ndiyo inaipita kwa kilomita 57 kwa sekunde, inazalisha kama volti 400,000 kutoka upande mmoja wa mwezi hadi mwingine, na Io inasukumwa mbele, bili ya nishati analipa Mshtarii kwenye mzunguko wake.