Pazia la kuviringisha limeota kuvu: nitie jiki kiasi gani?

SWALI: Nina mapazia ya kuviringisha ya kitambaa, yale yenye mgongo mweupe wa kuzuia mwanga. Tangu masika yaanze, ukingo wa chini umeota vidoadoa vyeusi. Jirani ameniambia niyaloweke usiku kucha kwenye jiki na siki. Nitie vikombe vingapi? (Mama Z., Tanga)

JIBU: Hata kijiko usitie, Mama Z. Mimi ni fundi wa mapazia, na kila masika naulizwa jambo hili, mara nyingi pazia likiwa limeshaharibika.

Huo mgongo mweupe si kitambaa. Ni akriliki iliyopakwa kwa matabaka, kwa kawaida jeupe, jeusi, kisha jeupe tena, na lile jeusi la katikati ndilo linaloziba mwanga. Mteja mmoja aliniletea la kwake likiwa bado ndani ya ndoo. Mgongo ulikuwa umeachana na kitambaa, vipande vyeupe vinaelea majini kama maganda ya kitunguu saumu. Nilipoliinua kuelekea dirishani, jua likapenya kila mahali kama kwenye chekeche. Pazia la namna hiyo halitengenezeki tena.

Kinachonikera zaidi ni hii imani kwamba doa likipauka, kuvu imekwisha. Jiki inapausha rangi, na hata ikiua kuvu ya juujuu, haiondoi unyevu unaoilea. Kuvu inataka unyevu, na unyevu wako unauweka mwenyewe kila siku bila kujua: mvua inapenya usiku, ukingo wa chini unalowa, asubuhi unaliviringisha pazia juu na maji yanashinda humo ndani kutwa nzima. Hapo mwaga hata pipa, vidoa vitarudi tu. Tena kama kitambaa ni cha pamba na kimepigwa na jua miaka kadhaa, nyuzi zake zimeshachoka, jiki inazimalizia. Nimewahi kushika pembe ya pazia la aina hiyo kwa vidole viwili, ikabaki mkononi kama karatasi iliyolowa.

La kwako lishushe lote, liache likauke kabisa. Lipeleke nje, jifunge kitambaa puani, upanguse vumbi la kuvu kwa brashi laini. Kisha chukua sponji iliyokamuliwa sana, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya maji, ujaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Gusagusa, usisugue. Pitisha sponji nyingine yenye maji safi, halafu liache likining'inia wazi mpaka likauke pande zote mbili. Usilipige pasi mgongoni, litanata. Na kuanzia leo, likilowa usiliviringishe.

Doa lililozama kwenye nyuzi halitatoka lote, nakwambia ukweli. Lakini tazama juu kwenye bomba linaloviringishia pazia: mara nyingi huwa kuna kitambaa cha ziada kilichozungushwa. Kikitosha, fundi anaweza kukata hizo sentimita 10 au 15 zenye madoa na kushona upya mfuko wa ubao wa chini. Kazi hiyo haichukui muda.

Sasa hiyo siki. Wanaosambaza mchanganyiko huu kwenye simu za watu wananitia hasira, maana hapa hatuzungumzii pazia tena. Jiki ikikutana na siki, au tindikali yoyote, inatoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu. Dawa za kusafishia choo nyingi zina tindikali, na kuna watu wanamimina zote mbili kwenye beseni moja, bafuni, mlango umefungwa. Ukichanganya na kitu chenye amonia, gesi nyingine mbaya inatoka. Kama umeshachanganya, usiinamie beseni kulimwaga. Toka na watoto, acha milango na madirisha wazi, msirudi mpaka harufu iishe. Anayekohoa au kubanwa kifua apelekwe hospitali, na jirani yako aambiwe leo hii, kabla hajaloweka ya kwake.