Kenya Open mara ya kwanza: umfuate nani?

Mkuu uliyeuliza kutoka Arusha, swali lako ni zuri ila naona majibu yote uliyopewa humu yanakwambia "mfuate anayeongoza". Umesema unakuja Nairobi na basi la Namanga kutazama Kenya Open, mashindano ya gofu ya Alhamisi hadi Jumapili, una siku mbili tu, gofu ya kulipwa hujawahi kuiona kwa macho, na unataka kujua wachezaji gani watu wanawapenda ili usizunguke bure. Umeuliza pia kama mtu anaweza kuomba mpira au glovu ya mchezaji. Hilo nitalifikia.

Mimi ni Mbongo mwenzako, Nairobi nimekaa miaka zaidi ya kumi, na kuanzia 2022 nilijitolea misimu mitatu mfululizo pale klabu ya gofu ya Muthaiga, mashindano yalipokuwa yanachezwa huko, kusimamia kamba ya kuzuia watazamaji na kunyanyua kile kibao cha KIMYA. Kwa hiyo nakujibu kutoka kwenye kamba, wa kwenye runinga wataongea yao.

Kwanza elewa kitu kimoja. Siku mbili za mwanzo kuna wachezaji zaidi ya 140, wametawanyika kwenye mashimo 18, wengine wameanza alfajiri wengine mchana. Huwezi kuwaona wote. Unachagua kundi la watu watatu, unatembea nalo saa tano hivi. Ukikosea kuchagua ni sawa na kukalishwa na mtu asiyeongea kwenye basi la Mwanza. Anayeongoza Alhamisi mara nyingi ni kijana wa Ulaya ambaye hata makedi wa pale, wale wanaowabebea wachezaji mabegi ya fimbo, hawajui kulitamka jina lake, anapiga vizuri, hacheki, hatazami pembeni. Utachoka shimo la sita.

Ushauri wangu: Alhamisi au Ijumaa tafuta kundi la Dismas Indiza kama yumo kwenye orodha. Huyu ni wa Mumias, magharibi ya Kenya, alianza kama kedi, kabeba mabegi ya watu kabla hajaanza kubebewa lake. Si kijana tena. Lakini nenda uone anavyopokelewa. Kwenye kamba wamejaa makedi waliopata nafasi siku hiyo, wapishi wa klabu wametoka na aproni zao, watunza nyasi wamezima mashine na kuegemea reki. Hawapigi makofi yale ya ncha za vidole. Wanamwita jina la kwanza, "Dismas! Dismas!", na mmoja pembeni yangu alikuwa anamwelekeza kwa sauti ya chini kama vile anasikika: "Usiiguse sana hiyo, inateremka." Mimi na kibao changu nimenyanyua, naona aibu kumnyamazisha, maana alikuwa sahihi. Mpira uliteremka kweli.

Hao makedi ndio watakufundisha gofu kuliko kitabu chochote. Kuna mzee mmoja, jina nalihifadhi, aliniambia kwamba kwenye grini za pale, zile nyasi fupi zenye shimo, jicho lako litakudanganya, mpira unaelekea mtoni hata kama mteremko unaonekana wa upande wa pili. Nikacheka. Siku nzima nikawa nahesabu wageni waliokosa kwa kutoamini mto. Wachezaji wengine wa nje huja bila kedi wao na kukodi wa hapa, na kama wana akili wanamsikiliza. Halafu kuna suala la mwinuko. Nairobi ipo mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unaruka mbali kwa karibu asilimia kumi kuliko kule walikozoea. Fimbo inayompa mtu mita 150 kwao, hapa inampa 165, na nyuma ya grini kuna vichaka. Alhamisi asubuhi utaona wengi wanatazama juu kwa mshangao mpira unavyokataa kutua.

Tuje kwa kijana. Njoroge Kibugu ni mtoto wa Muthaiga penyewe, amekulia kwenye nyasi zile. Mwaka 2023 ndiye Mkenya pekee aliyepenya mchujo. Kwa wasiojua: baada ya siku mbili wanapiga mstari, takriban wachezaji 65 bora pamoja na waliofungana nao wanaendelea, wengine wote wanafunga mabegi bila senti. Ndiyo maana mimi nasema Ijumaa jioni ndiyo tamu kuliko Jumapili. Jumapili watu wanashangilia bingwa. Ijumaa watu wanashika roho. Kila mtu ana simu mkononi anahesabu, "mstari uko ngapi, yeye yuko ngapi, kabakiza mashimo mangapi", kama wazazi wanaosubiri matokeo ya kidato cha nne. Ukiwa Ijumaa saa kumi kwenye grini ya 18 na kuna Mkenya yuko kwenye mstari wenyewe, hapo hutakumbuka kama ulikuja na basi.

(Kuhusu simu: unaruhusiwa kuwa nayo, ila iwe bubu. Mwaka wangu wa kwanza kuna bwana mmoja mwenye suti, simu yake ililia wimbo wa kwaya, sauti ya juu kabisa, wakati mchezaji ameshainama apige pigo la mita moja. Mchezaji akanyooka, akasubiri ubeti uishe, akainama tena, akatumbukiza. Watu walimshangilia kuliko aliyekuwa anaongoza. Bwana wa suti hatukumwona tena.)

Utasikia sana jina la Jacob Okello pia, hata kutoka kwa watu ambao mwaka huo walikuwa hawajazaliwa. Mwaka 1998 alifika mpaka mashimo ya ziada ya kuamua bingwa na Ricardo González wa Argentina, akashindwa. Mpaka leo hakuna Mkenya aliyewahi kubeba kombe hili, na mashindano yameanza 1967. Kwa hiyo Okello kwa mashabiki wa pale ni kama ule mpira uliogonga mwamba dakika ya 90. Unasimuliwa zaidi ya magoli yaliyoingia. Usibishane nao. Wasikilize tu.

Na utasimuliwa Seve. Seve Ballesteros alishinda hapa 1978, ana miaka 20, mwaka uliofuata akachukua The Open kule Uingereza, kisha Masters ya Marekani 1980, yote ni mashindano makubwa kabisa ya gofu. Wazee wanakumbuka kijana wa Kihispania anayepiga mpira kutoka sehemu ambazo mtu mwingine angeita mbuzi waje wautafute. Tatizo ni kwamba kila kedi mzee wa Nairobi alimbebea Seve begi. Mimi binafsi nimeshakutana na watano. Wote wana maelezo kamili mpaka rangi ya sweta, na sweta lenyewe ni rangi tano tofauti. Lakini hoja yao ni ya kweli: waliopita hapa wakiwa hawajulikani ni wengi. Ian Woosnam alishinda 1986, akavaa koti la kijani wanalovishwa washindi wa Masters 1991. Trevor Immelman wa Afrika Kusini alishinda hapa 2000, koti akalivaa 2008. Ndiyo maana makedi hawamdharau mtu, hata yule asiye na watazamaji kabisa. Wanamtazama anavyotembea, wanatingisha kichwa, wanasema "huyu atarudi kwenye gazeti".

Kwa wageni, nikupe mfano wa mtu anavyogeuka kuwa kipenzi ndani ya siku nne. 2024 alikuja Mwingereza anaitwa Joe Dean. Alhamisi mimi nilikuwa simjui kabisa, kundi lake lilikuwa na watazamaji unaoweza kuwaingiza kwenye bajaji moja. Katikati ya mashindano habari ikaanza kutembea kwamba jamaa kazi yake ni kuendesha gari la kupelekea watu bidhaa za supamaketi ya Morrisons, na kwamba kadi ya kucheza ligi ya Ulaya alishaipata ila mashindano ya mwanzo wa msimu hakwenda kwa kukosa nauli. Mkuu, Nairobi ni mji wa watu wa boda wanaopeleka vifurushi usiku na mchana. Hiyo habari haikuhitaji kutafsiriwa. Jumapili askari wa getini ananiuliza, "Yule wa kupeleka shopping amefika ngapi?" Hakuuliza habari za Darius van Driel, Mholanzi aliyekuwa anaelekea kushinda. Dean akamaliza wa pili kwa kufungana na mwenzake, akaondoka na kama Yuro laki mbili. Alipotumbukiza mpira wa mwisho nilishusha kibao changu mapema kidogo, makusudi kabisa, watu wapige kelele zao.

Kinyume chake ni Ewen Ferguson, Mskoti, 2022. Jumapili alianza akiongoza kwa mapigo manne. Akaporomoka, Ashun Wu wa China akapita na kushinda. Nilikuwa kwenye kamba, nikaona watu wanavyomnyamazia, ule ukimya wa kumwonea mtu huruma ambao hauhitaji kibao. Nikadhani mashabiki watamsahau. Wiki tatu baadaye akashinda mashindano ya Qatar, na kesho yake kedi mmoja ananipigia simu kunipa hiyo habari kama vile ndugu yake kafaulu.

Ukiona popote kwenye orodha jina la Aaron Rai, mfuate bila kuuliza. Alishinda hapa 2017, wakati huo bado ni mashindano ya daraja la pili la Ulaya. Ni Mwingereza, familia ya mama yake ilitokea Kenya, anavaa glovu mikono yote miwili wakati karibu wenzake wote wanavaa moja, na fimbo zake zote anazivalisha vifuniko mpaka zile za chuma ambazo hakuna anayezifunika. Baba yake alijinyima kumnunulia vifaa vya bei utotoni, akamfundisha kuvitunza, na mpaka leo anavitunza hivyo hivyo. Mama wa Kihindi wa Parklands aliyesimama karibu nami aliniambia hiyo hadithi mara mbili ndani ya mashimo matatu.

Mambo madogo: viatu vya raba vya kutembelea, siyo vipya. Kofia. Maji ya kwako, kule ndani bei zinakuja na hasira. Jua la Nairobi saa sita linakudanganya kwa upepo wa baridi, jioni unakuta shingo imebabuka. Usikimbie. Usitembee mtu anapoinama kupiga hata kama uko mita mia mbali, anakuona.

Kwa siku zako mbili: njoo Ijumaa na Jumamosi. Jumapili panda basi lako, matokeo utayaona kwenye simu.

Na hilo la kuomba mpira. Wanatoa, ndiyo, wakitoka kwenye grini wanaelekea shimo linalofuata, lakini wanawapa watoto. Njemba ya miaka thelathini na kitu ukinyoosha mkono pale watakupita kama nguzo ya umeme. Kama una mpwa wa miaka minane hivi, mkatie tiketi ya basi.